Impreza Yako Ishike Kona: Mwongozo Kamili wa Bushi, Shoki na Stabilaiza kwa Barabara za Kwetu

Nilipoinunua Subaru Impreza yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuishusha. Sikuangalia tairi, sikuangalia bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari. Nilimpelekea fundi mmoja hapa Nakuru, jina naliweka kapuni, akakata springi kwa grainda mzunguko mmoja na nusu kila upande, nami nikatoka pale nimevimba kichwa. Gari lilipendeza. Jumamosi iliyofuata nikaelekea Kisumu. Ukishapita Londiani na chai ikianza kuonekana, barabara nayo huanza kujikunja, na kwenye kona mojawapo lami ilikuwa na kigongo kidogo ambacho gari la kawaida hata halikioni. Langu lilikiona. Upande wa nje ulikuwa umeshalala hadi mwisho, springi haina pa kwenda, na gari zima likaruka hatua moja kuelekea upande wa lori lililokuwa linapanda. Dereva alinipigia honi hadi tukapotezana machoni, na haki ilikuwa yake.

Haya ninayoandika ni mpangilio ambao ningepewa siku ile ningeufuata, na springi zingebaki nzima. Nitatumia Impreza ya kizazi cha 2000 hadi 2007 kama mfano, kwa kuwa ndiyo imejaa huku kwetu na ndiyo ninayoijua hadi mifupa. Hiyo ina strati mbele na nyuma, yaani shoki na springi zimeunganishwa kuwa kitu kimoja kinachobeba gari. Iliyofuata, iliyotoka 2007, imebadilishwa nyuma na kuwekewa mikono miwili, yaani vyuma vinavyolishika gurudumu juu na chini, badala ya strati. Toyota Altezza ina mikono miwili pande zote. Kanuni ni zile zile, spana tu ndizo zinazohama.

Kwanza, lijue gari lako lilivyo leo

Tafuta barabara moja unayoijua vizuri, yenye kona za aina tatu: iliyo wazi, inayokaza, na yenye lami mbovu. Mimi hutumia ile ya kutoka Nakuru kwenda Subukia, asubuhi ya Jumapili kabla ya matatu kuamka. Endesha kwa mwendo unaoruhusiwa, hauhitaji kukimbia ili kusikia gari linasema nini. Chukua daftari na uandike majibu ya maswali haya.

Ukikata kona, je, pua inafuata usukani au inakataa na kutaka kwenda moja kwa moja? Hiyo ya kukataa kona ndiyo tabia ya kiwandani ya Impreza, kwa sababu injini imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Je, mkia unatoka ukiachia mafuta ghafla? Gari linalala mara moja na kutulia, au linalala, linainuka, linalala tena? Kuna kitu kinagonga ukipita kwenye mashimo? Usukani unarudi wenyewe katikati? Ukifunga breki, gari linavuta upande?

Kisha rudi nyumbani upime urefu. Gari likiwa mahali pa sawasawa, pima kwa utepe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Andika. Tofauti ya zaidi ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia inakuambia springi imechoka, imevunjika mzunguko wa chini, au gari liliwahi kugongwa na muuzaji hakukuambia.

Kuna wanaobonyeza bodi na kuhesabu mara linaporuka. Kipimo hicho kinakamata shoki iliyokufa kabisa, basi. Shoki iliyobakiza nusu ya nguvu inaweza kukipita vizuri na bado ikakuacha pabaya kwenye kona yenye mvua. Angalia mafuta badala yake: ukungu mwembamba juu ya shoki si tatizo kubwa, lakini ikiwa imelowa hadi vumbi limegandamana kama tope, hiyo imekwisha. Na vumbi la Nakuru mnalijua, hili la majivu ya volkano. Linaingia chini ya raba ya kukinga shoki, linasugua mhimili kama msasa, na sili inaanza kuvuja. Raba hiyo ikiwa imepasuka, ibadilishe hata kama shoki ni mpya.

Tairi kabla ya chuma chochote

Hapa sitakaa sana, ingawa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu zote nyingine zikijumlishwa. Kila kazi ya mfumo wa chini wa gari ni kulisaidia tairi kukaa vizuri juu ya lami. Tairi ikiwa ngumu kama ubao, umetengeneza meza nzuri ya chakula kisichokuwepo.

Soma namba nne zinazofuata herufi DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba kutoka Japani huwa na maua mazuri na umri mbaya, na raba iliyozeeka haishiki lami yenye maji hata ikiwa na milimita saba za maua. Weka tairi nne za aina moja. Gari la magurudumu yote kuvuta kama Impreza linaumia kwenye difa na senta difa, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, likivalishwa tairi zenye mzingo tofauti, kwa hiyo usibadilishe mbili leo na mbili mwakani ukadhani umeokoa pesa.

Upepo upime tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Jambo moja la wasafiri wa huku: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito na geji inakuonyesha karibu psi 1 pungufu, lakini joto la Kisumu linairudisha hiyo na pengine kuizidisha kidogo. Kwa hiyo usiharakishe kujaza upepo kwenye petroli steshoni ya Ahero. Subiri asubuhi, tairi zikiwa zimelala usiku kucha, ndipo upime.

Vilivyochakaa: kazi isiyo na sifa

Hakuna anayepiga picha bushi mpya na kuwaonyesha marafiki. Lakini Impreza ya miaka ishirini iliyowekewa bushi mpya, boljointi mpya na linki mpya za stabilaiza (ile pau ya kuzuia gari lisilale) inageuka gari jingine, na mara nyingi mwenyewe anashangaa kuwa hahitaji tena zile koilova, strati za urefu unaorekebishika, alizokuwa akiziwekea akiba.

Sababu ni hii. Alaimenti ni pembe ambazo gurudumu limewekewa gari likiwa limesimama. Bushi iliyochoka inaacha pembe hizo zicheze gari likitembea. Ukifunga breki, mkono wa chini unarudi nyuma. Ukikata kona, unaingia ndani. Gurudumu moja linatazama Gilgil, jingine Njoro. Unaweza kulipia alaimenti kila mwezi usione tofauti.

Paki gari mahali palipo sawa, weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha, na hapa sitanii, weka stendi mbili imara chini ya sehemu za kuinulia. Jeki ni ya kuinua. Kushikilia gari ni kazi ya stendi. Ukishatoa gurudumu, lilaze chini ya bodi kama kinga ya pili. Mawe na matofali yaache yajengee nyumba.

Shika gurudumu kwa juu na chini, litikise. Likicheza, shuku boljointi au bearingi. Shika kushoto na kulia, litikise. Likicheza, shuku tairodi au raki ya usukani. Kisha chukua pau ya chuma, ingiza kati ya mkono wa chini na fremu, sukuma taratibu huku ukiitazama bushi. Raba ikifunguka mpasuko, au chuma cha katikati kikihama kwa urahisi, imekwisha. Bushi ya nyuma ya mkono wa mbele, ile kubwa, ndiyo inayobeba nguvu za breki na ndiyo hufa kwanza. Linki za stabilaiza ndizo husababisha ule mlio wa tok-tok kwenye barabara ya mawe, na ni rahisi kubadilisha hata kwa mtu aliyeshika spana kwa mara ya kwanza. Mwisho, mwambie mtu azungushe usukani gari likiwa chini huku mkono wako ukiwa juu ya kichwa cha strati ndani ya boneti. Ukihisi mtikisiko au kusikia mkwaruzo, bearingi ya kichwani imekauka.

Bushi za raba au za poliyurethani? Kwa gari la kila siku huku kwetu ninachagua raba, na nikipata ile raba ngumu ya michezo, afadhali zaidi. Poliyurethani ni nzuri kwa lami safi. Kwenye vumbi inakauka, inalia kama mlango wa boma la zamani, na usipoitia grisi yake maalumu ya silikoni inajisaga yenyewe. Mahali ninapoikubali ni kwenye vishikio vya stabilaiza, kwa kuwa pale huhitaji kufungua mengi ili kuitia grisi.

Sasa kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wengi, na ambalo mimi mwenyewe nililipia. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma chake cha nje na cha ndani. Haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza bolti yake wakati gurudumu linaning'inia hewani, umeikaza katika mkao usio wake. Gari likishuka chini, raba tayari imejipinda kabla hata hujasogea mita moja, na itapasuka ndani ya miezi michache. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze kabisa. Ikiwa hufikii, weka jeki chini ya mkono na uuinue hadi urefu ule ulioandika daftarini. Mwambie fundi wako hivyo kabla hajaanza. Akikucheka, tafuta mwingine.

Shoki

Springi ndiyo inayobeba gari. Kazi ya shoki ni kuizuia springi isicheze ngoma baada ya kila kigongo. Ndani yake mafuta yanasukumwa kupitia matundu madogo, na nguvu ya mwendo inageuka joto. Kwenye barabara mbovu ndefu, mafuta ya shoki ya kawaida isiyo na gesi yanaweza kuchanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii chochote. Ndiyo maana baada ya dakika ishirini za mashimo gari linaanza kuelea. Shoki ya gesi yenye mirija miwili hupunguza povu hilo. Ya mrija mmoja hupoa vizuri zaidi na inajibu haraka, ila mrija wake ukigongwa na jiwe ukabonyea, pistoni inakwama na shoki nzima imeharibika. Kwa Nakuru na Kisumu, shoki nzuri ya gesi ya mirija miwili, ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, inatosha watu tisa kati ya kumi.

Nunua jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, na bora zote nne. Nairobi utazipata Kirinyaga Road, kule wengi bado wanaita Grogan. Hapa Nakuru na kule Kibuye, Kisumu, utapata za mitumba na mafundi wa kuzifunga. Shoki za mitumba kutoka Japani zinanijaribu na mimi, hasa za STI, ile Impreza ya michezo, za rangi nzuri, lakini kumbuka zinatoka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Vuta mhimili hadi mwisho, ukague kama una vishimo vya kutu, ubonyeze polepole, uuachie. Ukikwama popote, ukishuka kwa kishindo, au ukiona mafuta, rudisha. Koilova za mitumba zilizoshikana kwa kutu usizichukue hata bure. Utakuwa umenunua urefu ambao huwezi kuubadilisha tena.

Kutoa strati ya mbele

Ukiwa na seti ya spana, nyundo ya raba, mafuta ya kulegeza kutu na rafiki mmoja asiye na haraka, upande mmoja utakuchukua saa mbili mara ya kwanza.

1. Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi, legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi.
2. Toa gurudumu. Fungua kishikio cha bomba la breki kilicho kwenye strati, na waya wa ABS. Usikate wala kuvuta chochote.
3. Chini, strati imefungwa na bolti mbili kubwa. Ya juu ina kichwa chenye jicho la kuhama, nacho ndicho kinachopanga kemba, yaani mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje. Kabla hujagusa, piga mstari wa rangi nyeupe unaopita kichwani mwa bolti hadi kwenye strati. Ukisahau mstari huu, utaendesha hadi kwa mtu wa alaimenti huku gari likienda kama kaa.
4. Funga kitovu cha gurudumu kwa kamba au waya kwenye bodi, kisha toa bolti mbili. Kitovu kikiachwa kianguke, kitalivuta bomba la breki na kinaweza kuichomoa shafti ya kuendeshea.
5. Rafiki ashike strati. Juu, ndani ya boneti, fungua nati tatu ndogo za pembeni. Nati kubwa ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke, na springi ya gari inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya.
6. Strati ikishatoka, ipeleke kwa fundi mwenye kibano cha springi kilicho kizima. Hapa sioni aibu kulipa. Vile vibano vyembamba vya kukodisha, vyenye nyuzi zilizolika, nimeviogopa tangu nilipoona kimoja kinateleza.
7. Wakati wa kuunganisha, mwisho wa springi ukae kwenye ngazi yake ya kikombe cha chini, raba za juu na chini zirudi, kizuizi cha raba (kinachozuia shoki isigonge mwisho) na kinga ya vumbi viwe vipya. Bearingi ya kichwani kama ina shaka, ibadilishe sasa.
8. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume, ukiulinganisha ule mstari mweupe. Ikiwa strati ni nyingine, ulinganishe kwa makadirio, alaimenti itamaliza. Kaza kwa spana yenye kipimo, kwa namba za kitabu cha gari. Nati zile tatu za juu ni ndogo na hukatika kwa mtu anayekaza kwa hasira.

Nyuma ni vivyo hivyo, ila utalazimika kuvua mapambo ya ndani au kiti ili kufikia nati za juu.

Stabilaiza ya nyuma, raha ya kazi yote

Ikiwa shoki zako ni nzima na bushi ni mpya, sasa nunua kitu kimoja cha kujifurahisha: stabilaiza nene ya nyuma. Hakuna kifaa kingine cha bei ndogo kinachobadilisha tabia ya Impreza hivi.

Stabilaiza ni pau inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likilala kwenye kona, pau inajisokota na kukataa. Ugumu wake unakua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo milimita mbili tu si jambo dogo. Kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la karibu asilimia 46. Kutoka 19 hadi 22 ni karibu asilimia 80. Hesabu hiyo ni ya pau zisizo na tundu ndani.

Watu wengi hudhani stabilaiza inaongeza mshiko. Haiongezi. Uzito unaohama kutoka upande wa ndani wa kona kwenda wa nje unategemea mwendo, uzito ulivyokaa juu na upana wa gari, na pau haiwezi kuubadilisha. Inachofanya ni kuamua nani aubebe zaidi, mbele au nyuma. Ukikaza nyuma, tairi za nyuma zinabeba mzigo zaidi, za mbele zinapumua, na pua inaacha kukataa kona. Bei yake unailipa nyuma, na ndiyo maana sikushauri uruke hadi pau nene kuliko zote sokoni. Kericho hunyesha mchana karibu kila siku, na lami ile iliyosuguliwa na malori, ikilowa, haina subira na mkia mwepesi. Tena pau ngumu mno inayafanya magurudumu mawili yawe ndugu wa toka nitoke: la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linatikiswa.

Kufunga ni kazi ya saa moja. Inua nyuma, stendi mbili. Toa linki mbili, fungua vishikio viwili vinavyoishika pau kwenye bodi, itoe kwa ubavu. Paka bushi mpya grisi ndani, ingiza pau mpya, funga vishikio, rudisha linki. Pau yenye matundu mawili au matatu kila ncha, anzia tundu lililo mbali zaidi na mkunjo, ambalo ndilo laini. Linki zikaze gari likiwa limekaa kwa uzito wake.

Kuna mtego mmoja wa Impreza za zamani: vile vishikizo vya bati vya nyuma, ambavyo pau hufungwa juu yake, hupasuka vikiwekewa pau nene. Nunua vilivyoimarishwa pamoja na pau, au mpeleke fundi wa kuchomelea akuongezee bati kabla ya kufunga. Ukisikia kishindo nyuma kila unapokata kona wiki mbili baadaye, usianze kulaumu difa. Angalia pale.

Na ile baa inayounganisha vichwa vya strati juu ya injini? Inapendeza boneti ikiwa wazi. Kwenye gari lililochoka bodi inasaidia kidogo usukani kujibu. Weka mwisho, pesa zikibaki.

Springi, ukishindwa kujizuia

Tazama Impreza zilizoshinda Safari Rally, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000. Zilisimama juu, magurudumu yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Barabara za hapa zilizifundisha hivyo, na matuta ya leo hayajawa mapole kuliko mawe ya wakati ule.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Kwenye gari la strati, ukilishusha, mkono wa chini unalala au kuelekea juu, na kile kitovu ambacho bodi huzunguka ikilala kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe. Kwa hiyo gari lililoshushwa sana linatamani kulala zaidi kuliko lilivyokuwa. Watu hulitibu kwa springi ngumu mno, kisha linaruka juu ya kila kigongo, kisha wanalaumu shoki.

Ukiwa umeamua, nunua springi zilizotengenezwa kwa gari lako, zinazoshusha milimita 15 hadi 25, na shoki zinazoziweza. Zilizokatwa hazikai kwenye kikombe chake, zinaweza kuhama gurudumu likining'inia, na hazikuachii nafasi ya kushuka kabla ya kugonga kizuizi. Gari likishagonga kizuizi katikati ya kona, ni kama limekosa springi kwa nusu sekunde. Nilichofanya pale baada ya Londiani ndicho hicho.

Alaimenti

Kila ulichogusa hapo juu kimehamisha pembe, kwa hiyo hii haikwepeki. Lakini si alaimenti ya "vuta kidogo kushoto, sawa, nenda." Tafuta mtu mwenye mashine inayosoma magurudumu manne, na uombe karatasi ya namba za kabla na baada. Nenda na tangi nusu, upepo ukiwa sawa, na buti likiwa halina zile gunia za viazi ulizomnunulia mama kule Molo.

Kwa gari la barabarani mimi huomba hivi. Kemba ya mbele kati ya nyuzi 1 na 1.5 hasi, kushoto na kulia zikilingana. Ile bolti yenye jicho ndiyo inayofanya kazi hiyo. Nyuma karibu nyuzi 1 hasi. Too (jinsi magurudumu yanavyotazama ndani au nje yakiangaliwa kutoka juu) ya mbele sifuri, ya nyuma sifuri au ikiingia ndani kidogo sana. Kuna wanaopenda too ya mbele iliyofunguka nje ili pua iwahi kona. Mimi niliijaribu. Kwenye barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit, ambako malori yamechimba mifereji ya magurudumu kwenye lami, gari lilikuwa linaifuata kila mifereji kama mbwa anayenusa, na tairi zikalika upande wa ndani kabla ya miezi minne.

Fundi akikuambia too ya nyuma haipangiki, mwonyeshe bolti yenye jicho kwenye mkono wa nyuma wa pembeni. Inapangika. Mara nyingi imeganda kwa kutu tu, na hilo linataka moto kidogo na subira, au bolti mpya.

Kujaribu, na daftari tena

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ninajua inauma, ukiwa na boksi tatu sebuleni. Lakini ukifunga shoki, stabilaiza na springi wikendi moja, na gari likaanza kutupa mkia kwenye mvua, hutajua umlaumu nani.

Baada ya kila kazi, endesha kilomita chache taratibu mtaani, breki kwanza, kisha kona za polepole, ukizima redio ili usikie. Ndipo urudi kwenye barabara yako ile ile, saa ile ile, mwendo ule ule, na ujibu maswali yale yale. Pua bado inakataa? Kabla ya kuikaza pau tundu moja, pima upepo wa mbele. Mkia mwepesi mno? Rudisha pau tundu laini, kisha uangalie umri wa tairi za nyuma. Gari linaruka kwenye lami mbovu? Pima urefu, pengine limekaa chini kuliko ulivyodhani na linagonga vizuizi.

Nati za magurudumu zikaze kwa mtindo wa nyota, karibu nyutoni mita 100 kwa Impreza, na uzirudie baada ya kilomita 100. Siku hiyo hiyo ingia chini ya gari na tochi, ukague ile mistari myeupe ya kwenye bolti za strati, uliyoipiga upya baada ya alaimenti. Mstari uliokatika katikati maana yake bolti imezunguka, na unarudi kwa mtu wa alaimenti kabla ya kwenda popote.